Mtaro umejaa tena: tuweke waya wa kuku?

SWALI: Nipo Makorora, Tanga. Kabla ya masika tulifukua mtaro wa mtaa wetu, lakini mvua mbili tu ukajaa tena, na taka zikaelekea baharini. Tunataka kuchanga tuweke waya wa kuku mwishoni mwa mtaro. Utasaidia?

JIBU: Waya wa kuku msiweke. Matundu yake ni madogo. Mifuko na majani yakishauganda, maji hupanda na kuingia majumbani, kisha mwenye hasira huukata na mzigo wote huondoka kwa mkupuo. Fundi wa kuchomelea awatengenezee chujio la nondo za milimita 10, zilizoachana sentimita 5. Lisisimame wima. Chini litangulie upande maji yanakotoka, juu liegemee yanakokwenda, ili taka zisukumwe juu na maji yapite chini yake. Liishie sentimita 15 chini ya ukingo wa mtaro. Likiziba, maji yaruke juu yake badala ya kumwagikia barabarani. Kila baada ya mvua lipigwe reki. Kama hakuna wa kuifanya kazi hiyo, heri msiliweke kabisa.

Lakini lile tope mlilofukua liko wapi? Likirundikwa ukingoni, ndilo hilo hilo linalorudi: mchanga mweusi, vifuniko vya chupa na vipande vya nailoni vimechomoza. Lizoeni siku hiyo hiyo kwenye salfeti zilizotobolewa chini, maji yachuruzike, halafu mkokoteni uzichukue.

Chujio halizuii vimiminika, na mtaro wa mvua hauna mtambo wa kusafisha maji mbele yake. Yote huishia baharini na kwenye mikoko, wanamokulia kamba na samaki wadogo. Oili ikimwagika, ifunikeni kwa unga wa mbao au mchanga mkavu, ikishanyonywa mfagie mtie kwenye mfuko wa taka. Msiioshe kwa sabuni: sabuni huivunja iwe matone madogo mno, yakaenda na maji bila kuonekana.

Baya kuliko yote ni kutapisha choo, yaani kukifungulia kinyesi kitoke mtaroni, mvua inaponyesha. Kinyesi hicho hupita penye watoto wanaochezea maji, na kipindupindu hupata njia. Choo kilichojaa kinyonywe na gari la majitaka; gharama ikiwa nzito, nyumba mbili tatu zijipange liitwe siku moja, kabla ya mawingu ya Machi.