Re: Maji ya chemchemi kando ya barabara ya Kapchorwa, mashariki mwa Uganda

Ndugu, unauliza kama mtoto anaweza kunywa maji ya bomba la chemchemi bila kuchemshwa kwa kuwa ni meupe na baridi. Hapana, vijidudu havionekani kwa macho.

Panda kwanza juu ya bomba utazame. Ukikuta choo au zizi ndani ya mita 30 upande wa mlimani, achana nalo. Maji yakibadilika rangi mvua inaponyesha, ujue ya juu ya ardhi yanaingia, chota kwingine.

Mara nyingi anayeharibu maji ni jerikani. Tia kokoto, sabuni na maji kidogo, tikisa mpaka utelezi wa kijani utoke, suuza vizuri. Kinga moja kwa moja bombani, kisha funga kwa kifuniko chake, si kwa ndizi mbichi!

Nyumbani yachemshe yatokote kwa nguvu dakika 1. Mkiishi juu ya mita 2,000, dakika 3. Kuni zikikosekana, kidonge cha klorini cha miligramu 67 kwa lita 20, ngoja dakika 30.

Mtoto akiharisha, mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Ukiona damu kwenye kinyesi chake au macho yameingia ndani, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.