Mkuu, usinunue chupa ya pili ya dawa ya kusukutua

Weka hiyo chupa chini kwanza. Unasema umesukutua kutwa mara mbili mwezi mzima, mdomo bado unanuka, sasa unauliza ununue nyingine au ubadili aina. Nimesoma nikajiona mwenyewe.

Mimi fizi zilikuwa zinatoa damu nikipiga mswaki. Nikaingia duka la dawa la mtaani, kijana wa pale akanipa klorheksidini, dawa ya kusukutua inayoua vijidudu, ya asilimia 0.2. "Asubuhi na jioni, kaka. Ukiizoea hii, daktari wa meno utamsikia tu redioni." Siku ngapi, hakusema. Nikaenda nayo miezi minne! Dawa ambayo mtu kwa kawaida hupewa ya wiki mbili hivi, fizi zikivimba au akitoka kufanyiwa upasuaji wa kinywa, mimi nikaifanya chai. Na chai yenyewe nilikuwa naishushia juu yake, ya rangi, vikombe vitatu kwa siku.

Cha kwanza kupotea kilikuwa ladha ya chumvi. Mchuzi wa sangara nauona maji matupu, namlaumu mke wangu, naongeza chumvi, naongeza tena. Siku moja tuna wageni akanisogezea kopo zima mbele yangu, hakusema neno. Mpaka leo sijaomba msamaha, nasubiri asahau.

Halafu meno. Ukahawia ulianzia kwenye upenyo kati ya jino na jino, ukatambaa, mswaki hauutoi. Kwenye sendofu ya mdogo wangu picha zote nimefunga mdomo kama niliyelipwa nisicheke. Shangazi akanivuta pembeni: "Baba, umeanza ugoro?" Mimi ambaye hata sigara sijawahi kushika!

Daktari wa meno alinipa kioo, akakwangua kwa kichuma nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kikabanduka kipande kigumu kama ukoko wa sufuria. Ugaga. Ndio uliokuwa unaziumiza fizi na kuleta harufu, na hakuna dawa ya kusukutua inayoutoa. Klorheksidini ukiing'ang'ania ndiyo kwanza inauongeza. Yaani miezi minne nilikuwa napulizia jalala manukato, kwa hela yangu. Ukahawia nao ulitoka kwa kung'arishwa palepale, na bili nikaipokea nikiwa bado nimekenua.

Nikamrudia yule kijana. Eti, "Labda ulizidisha, kaka." Nilizidisha! Chupa zote kaniuzia nani?

Kwa hiyo geuza chupa usome. Ukikuta klorheksidini, hesabu siku. Wiki mbili zikiisha funga kifuniko, isipokuwa daktari aliyekutazama mdomoni amekwambia vingine. Na harufu isiyoisha ipeleke ikakwanguliwe, usiinunulie chupa.

Zile za floridi za kila siku sina ugomvi nazo, ila watu wanasukutua mara tu wakitoka kupiga mswaki. Unasuuza floridi ya dawa ya meno, ambayo mara nyingi ni kama ppm 1,450 (yaani sehemu 1,450 kwa kila milioni), unabaki na ile ya dawa ya kusukutua, ppm 225 hivi. Sukutua saa nyingine, mfano baada ya chakula cha mchana.

Haya, yako imeandikwa nini? Piga picha uweke hapa. Lebo ya nyuma, mkuu, siyo ya mbele yenye majani ya mnanaa.