Niliona wakiweka, kutoa sikuona

Mmeuliza wiki hii kama kuna msomaji ashawahi kutoa pesa yake kwa sababu ya influensa wa kripto, hizi pesa za mtandaoni, na aliingizwa aje. Mimi niliingia, na nitasema yote hata ile sehemu yangu mbaya.

Niko na duka la M-Pesa Free Area hapa Nakuru. Kazi ya wakala mnaijua, mtu akiweka pesa nabaki na noti kwa droo na floti ya simu inapungua, akitoa inakuwa kinyume. Sasa kuna asubuhi moja floti iliniishia saa nne na droo imejaa noti hadi nikaanza kuogopa wezi, vijana tu, huyu elfu mbili huyu elfu saba, wote mbio mbio ati prisale, ile ya kununua koini kabla haijaanza kuuzwa kwa wote, inafungwa saa sita. Nikauliza prisale ya nini jameni, nikaonyeshwa simu.

Kwa simu kulikuwa na kijana wa hapa hapa mjini mwenye mafolowa wengi TikTok. Kusema ukweli huyo hata haongei sana mambo ya koini. Anaonyesha gari (tulikuja kusikia ilikuwa ya kukodisha), anaonyesha nyumba amejengea mamake, mabati mapya yanang'aa, mama analia, halafu anasema mwaka juzi nilikuwa nabeba watu kwa boda kama wewe. Koini inakuja mwisho kabisa, sekunde tano, linki iko kwa profaili. Mimi ile nyumba ya mama ndiyo ilinimaliza.

Venye hawa watu hula nilichorewa baadaye na mteja wangu mmoja, nyuma ya risiti ya supamaketi. Ile linki ina code yake, namba ya kuonyesha ni yeye amekuleta, ukifungua akaunti kwayo anapata komisheni kila ukinunua ama ukiuza, hata kama wewe unapoteza. Grupu ya VIP ya Telegram nayo unalipia kila mwezi. Halafu sasa ile mbaya, wenye tokeni, yaani hiyo koini, wanamgawia mzigo wake mapema, bure ama kwa bei ya kutupa, kabla nyinyi hamjasikia hata jina. Tokeni ikiwa changa pesa iliyo kwa soko lake ni kidogo sana, so watu mia mbili wakinunua asubuhi moja bei inaruka yenyewe, yeye anapiga skrinshoti ya kuruka kwake anaposti, wengine wanaona wanaingia, na nyinyi mkiingia yeye ndiye anawauzia.

Na msidhani ni ushamba wetu wa huku. Kim Kardashian Juni 2021 aliwapostia watu tokeni ya EthereumMax akiwa amelipwa dola 250,000. Aliandika kabisa kwamba ni tangazo, lakini pesa aliyolipwa hakuitaja, na Oktoba 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26 kumalizana na SEC, wale wasimamizi wa soko la hisa Marekani. Ile tokeni iliyojibandika jina la Squid Game nayo, Novemba 2021, ilipanda ikapita dola 2,800 moja, na walionunua walikuwa hawawezi kuuza, wanaangalia tu utajiri kwa skrini mpaka ikawa sufuri.

Haya, mimi. Niliweka elfu tano, siku ya pili ikasoma elfu tisa. Hapo ndipo kichwa kiliharibika. Nikatuma linki kwa WhatsApp ya chama chetu, yenye code yangu mimi sasa, juu ukileta mtu na wewe unapewa kitu kidogo, nikaweka na skrinshoti ya hiyo elfu tisa nikaandika "wamama tusilale". Yaani nilifanya kile kile jamaa anafanya, tofauti ni mafolowa wangu walikuwa kumi na wanne. Watatu wakaingia. Huyo kijana hata hawakuwa wanamjua, waliingia juu ni mimi, si pesa yao hupitia mkononi mwangu kila siku.

Wiki ya pili bei ilianguka usiku. Grupu ya Telegram ikafungwa, ni admin tu anaweza kuandika, na alichoandika ni ati wanaouza ni waoga. Mimi kesho yake nikaenda benki mapema nikachukua noti za kutosha, nikijua hao vijana wote watakuja kutoa hata kama ni kidogo kilichobaki. Nilikaa na hizo noti mpaka jioni. Walikuja wa kununua kredo.

Mama mmoja wa chama nilimrudishia elfu mbili yake polepole, wa pili akaniambia niachane nayo. Yule wa tatu huuza mboga hapo karibu na steji, bado ananisalimia vizuri sana na kuniuliza watoto, lakini siku hizi akitaka kuweka pesa anapita mlango wangu anaenda duka la mbele.