Nalipa mtoto acheze? Maswali yenu kuhusu wachanganuzi nafsi wa watoto

Safari iliyopita niliwataja hapa wachanganuzi nafsi wa watoto, wataalamu wanaomsikiliza mtoto kupitia mchezo wake, na maswali yamekuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Nimeyafupisha, na nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha mtu. Mimi ni mshauri nasaha, si mchanganuzi. Kazi yao nitaieleza ilivyo, na nikiwa na langu nitalisema.

*Assalamu alaykum Bi Mshauri. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Tangu nijifungue mdogo wake anaogopa punda, na hapa Langoni, Amu (mji wa Lamu), utawakwepa punda vipi? Kwenda chuo cha Kurani mpaka abebwe. Babake anasema aburuzwe tu, atazoea. Huyo mtaalamu angemfanya nini?*

Wa alaykum salaam, mamangu. Kisa cha mwanao kinakaribiana mno na kimoja cha visa vya mwanzo kabisa vya fani hii. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeianzisha fani yenyewe, alikichapisha mwaka 1909. Mtoto aliyempa jina la Hans, umri karibu miaka mitano, aliogopa farasi: wangemng'ata, wangeanguka. Mikokoteni na mabasi ya Vienna wakati ule yalivutwa na farasi, kwa hiyo kutoka nje ikawa shida. Naye alikuwa amepata mdogo wa kike. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba Freud mwenyewe alimwona mtoto yule mara moja tu wakati wa matibabu. Aliyekaa naye, akamsikiliza na kuyaandika maneno yake, ni babake. Freud alisema farasi yule alisimama mahali pa baba. Tafsiri hiyo mimi siimezi nzima, na wapo wa fani hiyohiyo waliompinga. Lakini hofu iliondoka, na Hans akaja kuwa mwelekezi wa opera Marekani.

Mchanganuzi wa leo asingeanza na punda. Angekaa kwanza na wewe na babake, aulize mtoto aliambiwa nini kabla mdogo hajazaliwa, siku hizi analala na nani, na nani alimhamisha kutoka kitandani mwako. Angeuliza pia kama punda aliwahi kumpiga teke au kumbana ukutani, maana hofu nyingine sababu yake iko wazi. Kisha angemwachia mtoto vitu vya kuchezea amtazame. Huenda akamlaza mwanasesere mdogo kifudifudi na kumrundikia matofali ya mbao. Mtaalamu hatasema "usifanye hivyo". Atasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu mdogo hatakiwi hapa leo." Mtoto akiona maneno hayo hayafuatwi na kofi, mara nyingi ataendelea kuonyesha yaliyobaki.

Kumburuza, hapana. Mwambie babake amshike mkono, wapite kichochoro chenye punda wachache. Wewe mtengee muda wake kila siku, mdogo akiwa kwa mtu mwingine. Ikiwa miezi inapita na bado hofu inamzuia chuo na michezo, hapo tafuteni mtaalamu.

*Nasafiri na binti yangu wa miaka saba hadi Mombasa kwa mtaalamu. Nauli, malazi, ada, vyote mimi. Nikiuliza wamefanya nini naambiwa "tumecheza". Nalipa mtoto acheze? Na mbona haniambii alichosema?*

Kaka, hasira yako naielewa, hasa ya nauli.

Mtu mzima kwa mchanganuzi hujilaza kwenye kochi akasema linalomjia. Mtoto wa miaka saba ukimwambia aseme, atakwambia "sijui", na ni kweli hajui. Melanie Klein, aliyehamia London mwaka 1926, ndiye aliyeushikilia mchezo kuwa ndiyo kazi yenyewe. Kila mtoto alikuwa na droo yake yenye kufuli, hakuna mwingine aliyeigusa: watu wadogo wa mbao, wanyama, magari, karatasi, mkasi, uzi. Mpaka leo watoto wengi wanaokwenda kwa wachanganuzi huwa na kisanduku cha namna hiyo. Binti akijenga nyumba, akawaweka watu watatu ndani na wa nne nje ya mlango, ni mchezo. Akimweka nje wa nne kila akija, na siku moja akamkata kichwa kwa mkasi, mtaalamu ana la kufikiria. Kisanduku hakitupwi wala hakipangwi upya, kwa hiyo kichwa kile mtoto atakikuta palepale alipokiacha, na atachagua mwenyewe kukigundisha au kukiacha.

Uchanganuzi kamili ni mara nne au tano kwa wiki, dakika 50 hivi kila kikao. Anachopata binti yako ni chepesi kuliko hicho, ila njia ni ileile.

Kuhusu kukwambia alichosema, Klein alizozana kwa miaka mingi na Anna Freud, bintiye Sigmund, na wazazi walikuwa sehemu ya ugomvi. Anna alishikilia kwamba mtoto bado anaishi na wazazi wake halisi, kwa hiyo lazima kazi ifanyike nao pia. Hapa mimi niko kwa Anna. Maneno ya mtoto yabaki chumbani, lakini wewe una haki ya kikao cha wazazi kila baada ya muda. Usiulize "mmefanya nini leo?" Uliza "unamwonaje?" Kama hujawahi kuitwa, dai. Na uliza usajili wake: sheria yetu ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 inautaka.

*Mjukuu wangu huanguka, akatetemeka, kisha hakumbuki lolote. Watu wanasema ni jini. Huyo mtaalamu wa michezo atamweza?*

Shikamoo bibi. Huyu si wa mchanganuzi kwanza. Mpeleke hospitali apimwe kifafa, tena wiki hii. Kisomo kiendelee, ila asipigwe wala asinyimwe chakula. Daktari akimpa dawa, zisikatizwe bila yeye kusema.

*Nina miaka 16, nasoma bweni. Mama anataka nimwone mtu. Nikimweleza siri zangu, si atamfikishia mama?*

Mwanangu, swali lako ni la zamani. Freud alipomtibu msichana wa miaka 18 aliyemwita Dora, mwaka 1900, aliyempeleka ni babake, na Dora aliona wazi kwamba baba alitaka bintiye anyamazishwe. Aliondoka kabla ya miezi mitatu kwisha, na sioni wa kumlaumu.

Mtaalamu mzuri atakwambia siku ya kwanza, mama akiwepo, kipi kinabaki na kipi hakibaki. Mapenzi, ugomvi na mama, ndoto, hasira, wivu: vinabaki. Ukiwa hatarini kujidhuru, au kuna mtu anayekudhuru, hilo halibaki, na atakwambia kabla ya kumwambia mtu mwingine. Asipolieleza, muulize wewe. Akijikanyagakanyaga, omba mwingine. Na kama hilo la pili ndilo lililokufanya uniandikie, piga 116 sasa, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

*Niko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Nataka kuwa mchanganuzi wa watoto. Inachukua muda gani?*

Mrefu, hata uwe na digrii mkononi. Uingereza mafunzo ya tiba nafsia ya watoto ni takriban miaka minne juu ya masomo uliyokwisha kufanya. Na wewe mwenyewe lazima uchanganuliwe, kwa miaka, uyajue yako kabla ya kuyagusa ya watoto.

Sehemu ninayoihusudu ni ile aliyoianzisha Esther Bick kwenye kliniki ya Tavistock, London, mwaka 1948. Mwanafunzi huenda nyumbani kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, saa moja kila wiki kwa miaka miwili, anatazama tu. Hashauri, hasaidii, haandiki mpaka afike kwake. Jaribu hilo Amu, ndani ya arubaini ya mzazi! Kabla hujakaa umeshapewa kikombe cha chai, mtoto mapajani, na shangazi mmoja anakuuliza utaolewa lini.

*Tunatoka Faza kumleta mtoto kwa mshauri Amu kila Jumamosi. Boti inafuata kujaa na kupwa kwa maji ya mkondo wa Mkanda, kwa hiyo saa zinabadilika, na mshauri anataka saa moja isiyobadilika. Tufanyeje?*

Mshauri ana hoja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham waliendesha makao ya watoto London, na waliona wengi wakiumia zaidi kwa kutenganishwa na mama zao kuliko kwa mabomu. Dawa yao ilikuwa kumpa kila mtoto mlezi mmoja wa kumtegemea. Saa isiyobadilika inafanya kazi hiyohiyo: mtoto anajua yupo mtu anayemngoja.

Lakini kungojwa si lazima kuwe kila wiki. Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchanganuzi wa London, alimtibu mtoto mdogo wa kike aliyevurugika baada ya kuzaliwa mdogo wake. Familia ilikaa mbali na London, basi akamwona mara 14 tu, kuanzia 1964 hadi 1966, mtoto mwenyewe alipoomba kuja. Katikati wazazi walimwandikia barua.

Kinachowavuruga nyinyi ni wiki moja. Jumamosi hii maji yamejaa saa nne, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yamekupwa. Zikipita siku 14 yanarudi karibu palepale, tofauti haifiki saa nzima. Nahodha wenu atawathibitishia. Ombeni Jumamosi moja ndiyo, moja hapana, chumba kilekile. Ile ya kati mshauri ampigie mtoto simu saa ileile ya kikao, hata kama watazungumza dakika tano tu.