Barua kwa mwanangu: Wino mwekundu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara tatu, ya nne nikampa mdogo wako anisomee kwa sauti, nikidhani miwani inanidanganya. Miaka sita unapanga madereva na magari ya watalii. Gari lipi lirudi kutoka Ndutu, lipi liwahi wageni uwanja wa ndege wa KIA, dereva gani hapewi familia yenye watoto kwa sababu ya mwendo wake, yote yamo kichwani mwako. Anakuja kijana wa juzi, unamfundisha wewe, na baada ya miezi michache chini ya jina lake kwenye barua pepe kumeandikwa Meneja Oparesheni. Wewe ni Afisa vile vile. Ukamfuata mkurugenzi, akakwambia ni jina tu, kazi ni zile zile. Sasa unaniuliza: Mama, niende Tume ya Usuluhishi, ile ya migogoro ya kazi, au ninyamaze?

Nakuja huko. Lakini hilo la "jina tu" limenikaa kooni tangu Ijumaa. Kama ni jina tu, si angekupa wewe?

Mimi niliajiriwa mpiga chapa mwaka 1982. Ofisi mnaijua, sina haja ya kuitaja. Chumba kimoja, na mashine ambayo herufi "m" ilikuwa ikiruka juu ya mstari, mpaka watu wakaijua barua yetu kabla ya kuangalia muhuri. Katibu muhtasi aliyekuwepo aliolewa akahamia Mwanza mwaka 1984, na hakuletwa mwingine. Simu nikapokea mimi, majalada nikatunza mimi, kwenye vikao nikakaa mimi nikaandika muhtasari. Miaka mitatu nilifanya kazi yake kwa mshahara wangu.

Siku moja mwaka 1987 nachapa muhtasari wa kikao, nimefika kwenye waliohudhuria. Meneja, mhasibu, afisa ugavi, wa mwisho mimi. Sijui kitu gani kiliniingia. Nikachapa jina langu, nikaweka mkato, nikachapa "Katibu Muhtasi". Nakala nne na kaboni zake. Nikapeleka.

Muhtasari ulirudi baada ya chakula cha mchana. Meneja alikuwa na kalamu ya wino mwekundu aliyoitunza kwa ajili ya majalada tu. Maneno yangu mawili ameyapiga mstari, si mmoja, miwili, wa pili umekwaruza karatasi, na juu yake, kwa mwandiko wake ule mzuri, ameandika: Mpiga Chapa. Hakuniita, hakuniuliza. Na kwa kuwa muhtasari hauendi na mikwaruzo, ilibidi nichape ukurasa mzima upya. Yaani nilijishusha kwa vidole vyangu mwenyewe. Tarishi aliyeniletea lile jalada alikuwa ameona. Nilijua kwa jinsi alivyoliweka mezani polepole, kama anaweka yai.

Na zama zile sote tulikuwa Ndugu. Tangu Azimio la Arusha la 1967 hata bahasha ya mkubwa gani tuliiandika Ndugu. Undugu wenyewe uliishia kwenye bahasha.

Kwa baba yenu sikupata pole niliyoitaka. Aliniuliza, kwenye jalada lako kumeandikwaje? Nikasema mpiga chapa. Akasema, basi amekusahihisha. Nililala nimempa mgongo siku mbili. Ya tatu akarudi na gazeti la Uhuru, akavua saa akaiweka mezani, akasema, haya, shika penseli. Ndipo tulipoanza hatimkato, ule mwandiko wa alama fupi wa kumfuata msemaji kwa kasi yake. Yeye anasoma tahariri, maneno 80 kwa dakika, mimi naandika, dada yako yuko mgongoni. Akichoka alikuwa anachomeka ya kwake, "wakulima wa kahawa wametakiwa kumpikia mume mtori", nami kwa ile kasi naandika tu, tunakuja kugundua wakati wa kusoma nilichoandika. Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Siku asizokuwepo nilikimbizana na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya Redio Tanzania, na msomaji yule hakuwa akimngoja mtu.

Mtihani wa uhazili wa kwanza nilianguka. Wa pili nikapita, maneno 100. Barua ya cheo ikatoka mwaka 1989, na kwa kuwa mpiga chapa wa ofisi ndiye mimi, niliichapa mwenyewe. Sijapata kuchapa barua polepole vile. Meneja aliisaini bila kuisoma, akaendelea na chai.

Ndiyo maana nasema, na nitasema mpaka mnizike: kisichokuwa kwenye jalada hakipo. Najua mnaniigiza mkikutana, mpaka na kidole changu hiki. Igizeni. Mkurugenzi wako akikusifu mbele ya wageni, hiyo haina folio, yaani karatasi yenye namba yake jaladani. Akikuita "mama wa ofisi", hiyo nayo haina folio.

Lakini, na hapa ndipo ninapojipinga mwenyewe, ile miaka mitatu yangu nayo haimo. Lifungue jalada langu leo, utaona mpiga chapa aliyefaulu mtihani akapanda. Hutaona ofisi ilikuwa inaendeshwa na nani. Basi haikuwepo? Ilikuwepo. Mgongo wangu unaikumbuka.

Kuna jambo sijawahi kuwaambia. Mwaka 1994 yule meneja alistaafu. Kiinua mgongo kikaja pungufu, akaniita nimwandikie barua ya malalamiko. Nikaenda masjala nikalitoa jalada lake, nikapekua folio moja moja. Barua ya kukaimu ilikuwepo, ya mwaka 1980. Ya kuthibitishwa haikuwepo. Miaka 14 alikuwa Kaimu, na sote tulimwita Meneja, na yeye alijiita Meneja, na hesabu yake ikapigwa kwa cheo chake cha zamani cha mhasibu msaidizi. Yule yule wa kalamu nyekundu! Nilikaa pale masjala kwenye kigoda, nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata.

Nikachapa barua yake vizuri, kuliko alivyostahili, au sawa na alivyostahili, sijui. Nikafika mwisho. Jina lake, mkato. Vidole vikasimama. Nikachapa: Kaimu Meneja.

Alisoma yote. Akatoa kalamu mfukoni, ya bluu, akayatazama maneno yale mawili kwa muda ambao mimi ningeandika maneno mia. Kisha akasaini, akaniambia asante mama. Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku ile.

Nimejiambia miaka yote kwamba niliandika kilichomo kwenye jalada. Ni kweli. Ningeweza pia kuandika jina lake tu nikaishia hapo, na hilo nalo ni kweli. Baba yenu nilipomsimulia alisema nimefanya sawa, na sikupenda alivyolisema haraka.

Haya, Tume. Nimemuuliza jirani yetu, mzee yule aliyekuwa kwenye chama cha wafanyakazi. Anasema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana nawe. Maelezo ya kazi, mwanangu. Jina mimi sikulisikia akilitaja. Ila kifungu cha 7 kinagusa malipo: mwanamke na mwanaume wenye kazi ya thamani moja walipwe sawa. Sasa, huyo kijana anakuzidi mshahara? Hilo hukuniandikia. Ama hulijui, ama unalijua na jibu lake halikusaidii. Kama anakuzidi, siku zinahesabiwa: mgogoro usio wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ndani ya siku 60, wa kuachishwa ndio wa siku 30. Barua pepe ile uliiona tarehe ngapi? Angalia leo, usingoje.

Na kama ni jina, hilo ni lingine. Msuluhishi atakuuliza unadai nini, nawe utamjibu nini? Kwamba ulimfundisha mtu kazi na sasa madereva wanampigia simu yeye kwanza? Mimi nitakuelewa. Yeye ana fomu ya kujaza.

Dada yako anasema nenda, usiwe bwege kama mama. Mjomba wako anasema Arusha ni ndogo, wenye kampuni za watalii wanakunywa kahawa pamoja, na jina la mshitaki linafika kabla ya barua ya maombi. Siwezi kumpinga hata mmoja. Nikikwambia nenda, halafu wakutafutie visa mpaka utoke, nitalala vipi? Nikikwambia nyamaza, nitakuwa nimekupa ile miaka mitatu yangu uibebe wewe. Hapa chini nimeandika sentensi moja nikaikata. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaisoma, nakujua. Usije ukasema mama ndiye alisema.

Jumamosi njoo. Panda Coaster ya asubuhi, na uje na barua yako ya ajira, ile ya kwanza kabisa, pamoja na maelezo ya kazi kama walikupa. Usiikunje. Ule ukurasa wa wino mwekundu sikuutupa, uko kwenye sanduku la bati chini ya vyeti vyenu vya ubatizo. Wino umefifia ukawa kama chai, lakini mkwaruzo ukipitisha kidole bado unausikia.

Mama yako