Unaanza kusoma imani ya Wayahudi kuhusu manabii na Masihi? Pita hapa kwanza

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kusoma Uyahudi, iwe ni chuo, seminari, madrasa au unajisomea tu kwenye simu usiku, maana maswali mnayoniuliza karibu yote yanaanzia sehemu moja: mbona Wayahudi walimkataa fulani. Nawaomba swali hilo mliweke pembeni kwanza. Ukianza nalo unamsoma Myahudi kama Mkristo aliyepungukiwa Yesu au Mwislamu aliyepungukiwa Muhammad, na yeye hajioni hivyo hata kidogo. Yeye ana swali lake la siku nyingi, kwamba huyo Masihi akija tutaona nini kimebadilika hapa duniani? Shika hilo, mengine utayaelewa taratibu.

Kabla hujagusa Masihi, angalia vitabu vimepangwaje. Agano la Kale la Waprotestanti na Tanakh ya Wayahudi ni maandiko yale yale, ila wao wanayagawa mafungu matatu, Torati, Manabii na Maandiko, jumla vitabu 24 kwa hesabu yao kwa sababu Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, Mambo ya Nyakati kimoja, Ezra na Nehemia kimoja, na wale manabii wadogo 12 wote wanahesabiwa kitabu kimoja. Yoshua na Waamuzi, ambavyo sisi tumezoea kuviita vya historia, kwao viko kwenye Manabii. Sasa mtafute Danieli. Humkuti kwenye Manabii, yuko kwenye Maandiko, na Talmudi, yaani mkusanyiko mkubwa wa mijadala na mafundisho ya marabi wa kale, inasema wazi aliona maono lakini hakuwa nabii. Kama umelelewa kwenye kanisa ambalo kila semina ya unabii inaanza na majuma sabini ya Danieli, tulia hapo kidogo, kwa sababu utajaribu kumjadili Myahudi kwa Danieli na yeye atashangaa kwa nini umeanzia huko. Halafu angalia mwisho. Biblia ya Kikristo inafunga Agano la Kale na Malaki anayeahidi Eliya, unafunua ukurasa unakutana na Mathayo, unaona kabisa stori inaendelea. Tanakh inafungwa na Mambo ya Nyakati, mfalme Koreshi wa Uajemi anawaruhusu watu wapande Yerusalemu kuijenga nyumba ya Mungu. Mtu aliyekua na mwisho huo anatarajia watu kurudi na nyumba kujengwa.

Kuhusu manabii wenyewe, Talmudi inahesabu wanaume 48 na wanawake 7, yaani Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta. Na inasema manabii walikuwa wengi mno kuliko hao, ila uliandikwa ule unabii tu ambao vizazi vya baadaye wangeuhitaji. Mimi hii naipenda sana kwa sababu inakuonyesha nabii kwao si mtabiri wa matukio. Kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye agano, ndiyo maana Nathani anaingia kwa mfalme Daudi na kumwambia uso kwa uso kwamba mwenye hatia ni yeye, na Amosi, mchungaji tu, anawasema matajiri wanaomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Ukisoma Isaya ukiwa unawinda utabiri peke yake utaruka kurasa na kurasa za haki ya yatima na mjane, na hizo ndizo nyama yenyewe.

Ndugu zangu Waislamu, nyie jiandaeni na kitu kingine: nabii wa Tanakh si maasumu, yaani si mtu aliyekingwa asikosee. Musa anaupiga mwamba na anazuiwa kuingia nchi ya ahadi, Yona anakimbia agizo, halafu Ninawi wakisamehewa anakasirika, na kitabu chake hicho hicho kinasomwa sinagogi mchana wa Yom Kippur, siku ya toba. Kwao kuyasoma makosa ya nabii hadharani si kumdharau.

Juu ya wote yuko Musa, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndipo mlango wenyewe ulipo. Kumbukumbu la Torati linaishia kwa kusema hakuinuka tena nabii kama yeye. Rambam, yule rabi na tabibu aliyezaliwa Córdoba akafia Misri mwaka 1204, aliliingiza jambo hili kwenye misingi yake 13 ya imani, na msingi mwingine kati ya hiyo unasema Torati haibadilishwi. Unganisha hayo mawili: nabii yeyote atakayekuja baada ya Musa, hata afanye miujiza ya kutisha, akisema amri zimefutwa basi si wa kusikilizwa, Kumbukumbu 13 inatoa onyo la namna hiyo hiyo. Ongeza na mapokeo kwamba unabii ulikoma na Hagai, Zekaria na Malaki. Kwa hiyo akikwambia hamtambui nabii wa dini yako hajakutukana, anafuata kanuni aliyoirithi, ambayo mzizi wake ni Torati iliyokuwepo kabla dini zetu hazijaanza.

Haya, Masihi. Kwa Rambam ni binadamu, mfalme wa ukoo wa Daudi, na usimdai miujiza. Atawarudisha watu kwenye Torati, atajenga hekalu mahali pake, atawakusanya waliotawanyika. Akifanikiwa ndiye, akishindwa au akiuawa basi siye. Hukumu inatokana na kazi. Unaweza usikubaliane nayo kabisa, mimi nakuomba uielewe tu, kwa sababu Myahudi akifungua dirisha akaona vita bado vinapigwa wakati Isaya 2 inasema panga zitafuliwa ziwe majembe, anahitimisha kwamba bado hajaja. Hoja ya ujio wa pili haimsaidii, yeye kwenye maandiko yake anauona ujio mmoja tu.

Na kipimo hicho wamekilipia. Rabi Akiva, mkubwa wa wakubwa, alimwona Bar Kokhba, kiongozi wa uasi dhidi ya Warumi, kuwa Masihi, vita na Warumi vikapiganwa 132 mpaka 135 na mwisho wake ulikuwa maangamizi. Mwaka 1665 Shabbetai Tzvi wa Izmir, Uturuki ya leo, alitangazwa kuwa Masihi, watu wakauza mali zao wakisubiri safari ya kurudi nchi takatifu, mwaka uliofuata akasilimu mbele ya Sultani. Katikati hapo, kama 1172, Rambam aliwaandikia Wayahudi wa Yemeni waliokuwa wanateswa kwa imani yao, na pia wakisumbuliwa na mtu aliyejiita mtangulizi wa Masihi. Soma barua hiyo ukiipata, ni ya mtu anayewahurumia kweli watu wake huku akiwazuia wasiangamie.

Usije na jibu moja kwa kila kitu lakini. Isaya 53, sura ya mtumishi anayeteseka, Rashi wa Ufaransa, mfafanuzi maarufu wa maandiko, anasema mtumishi yule ni taifa la Israeli, na wengi wanamfuata, ila Talmudi ina sehemu inayoihusisha sura hiyo na Masihi. Kuna rabi mmoja humo humo kwenye Talmudi anasema Israeli hawana Masihi tena, wenzake wanampinga, na maneno yake yameachwa yasomwe. Warefomu wa Marekani, Wayahudi wa mrengo wa mageuzi, mwaka 1885 walisema wanatarajia zama za haki na amani, si kurudi Palestina. Baadhi ya Wachabad, kundi la Wayahudi wa Kihasidi wanaoshika sana dini, bado wanaamini rabi wao Schneerson, aliyefariki New York 1994, ndiye Masihi. Ukisikia mtu anasema "Wayahudi wote wanaamini", muulize Wayahudi gani.

Rabi Yohanan ben Zakkai alifundisha kwamba ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi huyo amefika, panda mche kwanza ndipo uende kumpokea. Waislamu mtakumbuka hadithi ya Mtume iliyo karibu sana na hiyo, ya mche na Kiyama. Ukikaa na Myahudi anzia hapo, muulize anafanya nini wakati anasubiri, maana wenye kusali sala zote tatu za siku wanaomba chipukizi la Daudi, na usiku wa Pasaka wanaweka kikombe cha Eliya, anayetarajiwa kumtangulia Masihi, na kufungua mlango.

Kama uko Uganda, wapo Abayudaya karibu na Mbale, jamii iliyoanzia kwa Semei Kakungulu mwaka 1919, na Nairobi kuna sinagogi. Andika kwanza uombe nafasi, usiibuke tu getini, ulinzi ni mkali na wana sababu. Jumamosi simu izime, usipige picha wala usiandike chochote, mwanaume afunike kichwa. Na uwe makini na makanisa yanayojiita ya Wayahudi wa Kimasihi: hayo yanamwamini Yesu, sasa ukienda huko ukidhani umeuona Uyahudi wa marabi utarudi na notsi za somo jingine kabisa.