Jibu: Utoaji kwa mtu wa kipato cha msimu

Bwana asifiwe, ndugu. Umeuliza kama mkulima wa viazi anayeshika hela mara mbili kwa mwaka anaweza kukua kiroho katika utoaji, maana wenye mishahara wanatoa kila Jumapili na bahasha yako inarudi nyumbani tupu.

Bahasha iache kwanza. Soma 2 Wakorintho 8: makanisa ya Makedonia yalikuwa na umaskini mkubwa, lakini yaliomba yenyewe kuchangia watakatifu wa Yerusalemu. Mstari wa 12 unasema mtu hupimwa kwa alicho nacho, si kwa asicho nacho.

Na huku kwetu Mbeya si tuna mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada? Kuku kafungwa miguu, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Mimi nilikuwa napeleka viazi vidogo vyenye kidonda cha jembe, vizuri vinangoja lumbesa, lile gunia la kujaza kupita kiasi, ya dalali. Jumapili moja mama mmoja mjane alileta mayai sita, akayapangusa moja moja kwa kitenge kabla ya kuyaweka mbele. Nikasukuma ndoo yangu chini ya benchi. Aibu tupu!

Tangu hapo natenga sadaka palepale shambani, kabla dalali hajafika. Miezi mikavu namsaidia jirani kupiga matuta au nampa mbegu, bila kumtangazia mtu.

Na yule mhubiri uliyemtaja, aliyekuahidi gari ukitoa laki kama “mbegu”, mpite tu.